Mlingoti Uwe Mbao: Mwongozo Kamili wa Kuangusha, Kuchana na Kukausha Mkaratusi Usipasuke

Nyanda za Juu Kusini tunauita mlingoti. Kwingine Tanzania, na Kenya pia, ni mkaratusi. Umejaa mashambani kwetu kuanzia Mufindi hadi Njombe, na kazi tunazoupa ni zilezile: nguzo za umeme, mirunda ya kushikilia zege, boriti na kuni. Mwambie fundi seremala akutengenezee kitanda cha mlingoti, atakujibu kabla hujamaliza: "Huo unapasuka. Niletee msindano."

Ni kweli unapasuka. Lakini nimeshughulika na mbao hii vya kutosha kuamini kwamba kosa ni la mikono yetu. Tunauchana kama msindano, tunauanika kama msindano, kisha tunaulaumu. Mwongozo huu nauandikia mkulima mwenye miti michache mikubwa shambani, na fundi anayetaka mbao ngumu ya karibu wakati mninga unazidi kuadimika. Fuata hatua kwa mpangilio wake, kwa maana kosa la siku ya kuangusha mti huwezi kulitibu karakana.

Ujue kwanza una mti gani

Mikaratusi ina aina zaidi ya 700, karibu zote asili yake Australia. Jina la kitaalamu, Eucalyptus, limetokana na Kigiriki na maana yake ni "iliyofunikwa vizuri": ua lake likiwa bado changa huvaa kifuniko kidogo ambacho hudondoka linapochanua.

Kati ya hizo ipo aina inayoitwa jarrah, jina lililotoka kwa Wanoongar, wenyeji wa kusini-magharibi mwa Australia. Mbao yake ni nyekundu iliyokolea, na mita moja ya ujazo ikiwa kavu ina kilo 820 hivi au zaidi. Mwishoni mwa karne ya 19 vipande vyake vilipakiwa melini hadi London vikatandikwa barabarani kama matofali, magari ya farasi yakapita juu yake. Leo meza ya jarrah ni fahari ya nyumba. Nautaja mti huu kwa sababu nao husinyaa na kuchanika ukikaushwa kwa pupa, na mafundi wa kwao waliuzoea hivyo hivyo. Usihangaike kuagiza mbegu zake, maana hukua taratibu sana, na hata kwao unaandamwa na ugonjwa wa mizizi unaosababishwa na kimelea Phytophthora cinnamomi.

Tuna ya kwetu ya kutosha. Iliyoenea zaidi nyanda za baridi ni grandis na saligna: gome hubanduka likaacha shina laini lenye rangi ya maziwa au kijivu, na ndani mbao ina wekundu wa mbali kama waridi lililofifia. Hii ndiyo rahisi kuliko zote kwa anayeanza, kwa sababu ikilimwa shambani huwa na uzito wa kati tu, mara nyingi kilo 500 hadi 650 kwa mita ya ujazo. Kwenye joto na ukame utakuta camaldulensis, nyekundu na nzito, yenye nyuzi zilizosokotana. Ipo ile ya majani yenye harufu ya limau, citriodora, ambayo tangu 1995 wataalamu wa mimea wameihamishia kwenye jamii ya Corymbia. Kilo zake hukaribia 950. Na ipo paniculata, yenye gome jeusi lenye mifereji mikavu, ambayo ni chuma kwa kweli: ikishakauka, msumari unapinda kabla haujaingia.

Aina ina maana kubwa kwa matumizi. Moyo, yaani mbao ya ndani iliyokolea rangi kuliko ile ya karibu na gome, ukiwa wa paniculata au camaldulensis hustahimili udongo na mvua. Moyo wa grandis haustahimili, basi uweke ndani ya nyumba: vitanda, meza, makabati, milango ya ndani, sakafu.

Kwa nini unapasuka

Usiiruke sehemu hii. Ukiielewa, utaweza kujiamulia mwenyewe hata pale ambapo maelezo yangu hayafiki.

Mkaratusi hukua haraka na kwenda juu sana. Ili shina jembamba hivyo lisivunjwe na upepo, kila tabaka jipya la nje linapoumbwa hujikaza kwa urefu, kama kamba za ngoma zinavyovutwa kuwamba ngozi. Mwaka kwa mwaka, tabaka za nje zinavuta, na sehemu ya katikati inabanwa kama mtu aliyebeba gunia kichwani. Mti ukiwa umesimama, mvuto wa nje na mbano wa ndani hulingana. Siku unapoukata, umekata kamba za ngoma. Ncha ya gogo hufunguka kwa mipasuko inayotoka katikati kama miale ya nyota, wakati mwingine ndani ya dakika chache, hata kabla tone la maji halijakauka. Huo ni mpasuko wa mkazo.

Mpasuko wa pili ni wa kukauka. Mbao ya mkaratusi husinyaa sana: kwa upana wa duara la mti hupungua karibu asilimia 7, na kwa upande wa kutoka kiini kwenda gome hupungua kama asilimia 4 hadi 5. Ubao wa sentimita 20 unaweza kupoteza sentimita moja na nusu. Maji yake nayo hutoka kwa shida, kwa sababu nyuzi zimebanana. Uso ukikauka upesi na ndani bado kumelowa, uso unataka kujikunja, ndani kunakataa, na kinachobaki ni kuchanika.

Halafu kuna kiini. Sentimita chache za katikati ni mbao ya utotoni mwa mti, iliyobanwa miaka yote hadi imekuwa dhaifu na yenye kukatika kama biskuti. Hiyo haiwi ubao. Iondoe.

Mambo haya matatu yana dawa tofauti. Mkazo unautibu kwa namna ya kukata na kuchana. Kukauka unakutibu kwa subira. Kiini unakitupa. Fundi anayepaka rangi kwenye ncha akitarajia izuie mpasuko wa mkazo anapoteza rangi yake bure.

Kuchagua mti

Tafuta mti mnene. Kipimo changu ni kipenyo cha sentimita 35 usawa wa kifua, na 40 au zaidi ni bora kuliko hapo. Unene una siri yake: katika gogo nene, tofauti ya mvuto kati ya nje na ndani husambaa kwenye umbali mrefu, basi kila ubao unapata sehemu ndogo ya mkazo na haupindi sana. Mti wa nguzo wa miaka 8 au 10 wenye sentimita 20 utakutoa jasho na kukupa mbao zenye umbo la upinde. Uuze uwe nguzo. Kwa mbao, subiri miaka 15 hadi 20, ukiwa umeshapunguza majirani zake ili upate nafasi ya kunenepa.

Uwe umesimama wima. Mti ulioinama hujenga upande wa juu mbao ya kujivuta isiyo ya kawaida, nyeupe na yenye manyoya ikipigwa randa, na ubao wake haunyooki hata uuwekee jiwe gani. Mti wa pembezoni mwa shamba wenye matawi upande mmoja una tabia hiyohiyo. Tazama pia gome na mistari ya shina: kama imezunguka mti kama nyoka, nyuzi za ndani zimezunguka vilevile, na ubao utajinyonga. Uache.

Maandalizi kabla ya msumeno kugusa mti

Nenda ofisi ya misitu ya wilaya, hata kama miti ni yako na shamba ni lako. Uliza kuhusu kibali cha kuvuna, na kuhusu hati ya kusafirishia kama mbao zitatoka shambani. Kenya ofisi husika ni ya huduma ya misitu. Lori lililokamatwa kizuizini na mbao mbichi juani wiki nzima limekwisha kuziharibu, hata ukishinda kesi.

Kisha andaa vitu hivi vyote, na usiangushe mti kabla havijakamilika: siku ya mashine imethibitishwa, banda la kupangia mbao lipo, vijiti vya kutenganishia vimechanwa na kukauka, na rangi ya mafuta iliyobaki au lami au nta ya kuziba ncha ipo shambani pamoja na brashi. Watu wengi huangusha kwanza halafu wanaanza kumtafuta mwenye mashine. Wiki mbili baadaye magogo yamekuwa kuni.

Kuhusu majira, huku kwetu napendelea mwisho wa mvua, Aprili kuelekea Mei. Barabara zinaanza kupitika, na hewa bado ina unyevu, kwa hiyo mbao zinaanza kukauka polepole zenyewe. Agosti na Septemba upepo mkavu huichana mbao mbichi usiku mmoja.

Kuangusha

Kama hujawahi kutumia msumeno wa mnyororo kwenye mti mkubwa, mlipe anayejua. Nitaeleza ili ujue unachosimamia.

Safisha kuzunguka shina na ufungue njia mbili za kukimbilia, za nyuma kwa mshazari. Kata mdomo upande ambao mti utaangukia, kina chake robo au moja ya tano ya unene. Kisha kata kutoka nyuma, juu kidogo ya usawa wa mdomo, ukibakiza katikati bawaba isiyokatwa yenye upana wa kama moja ya kumi ya unene wa mti. Bawaba ndiyo inayouongoza mti. Ukiikata yote, hujui unakwenda wapi. Mkaratusi ulioinama ni hatari ya pekee: shina linaweza kuchanika wima wakati unakata na kipande cha nyuma kikaruka kwa nguvu ya kumuua mtu. Ni sababu nyingine ya kuiacha miti iliyoinama.

Uelekeze mti uangukie kwenye matawi na majani, usiangukie jiwe wala bonde. Mti huu ni mzito, na kishindo huuvunja moyo wake kwa nyufa za kukingama ambazo huzioni mpaka ubao umeshakatika mkononi.

Kisiki kiwe kifupi, sentimita 10 hadi 15, kimekatwa kwa mshazari maji yasituame. Tutakirudia.

Kukata magogo

Kila unapokata gogo kwa kukingama, unafungua ncha mbili mpya za kupasuka. Kwa hiyo liache shina likiwa refu hadi mashine iwe imefika, na ukishakata, uchane siku hiyo au kesho yake. Siku tatu ndiyo mwisho wangu.

Kabla ya kukata kabisa, zungusha mfereji mfupi kuzunguka gogo kwa msumeno, kina cha sentimita chache, kwa umbali unaolingana na nusu ya unene wa gogo kutoka mahali utakapokata, pande zote mbili. Mfereji huo hukata baadhi ya zile kamba za nje kabla, na mpasuko wa ncha mara nyingi hupungua au huishia hapo. Ni dakika tano za kazi. Sijui kwa nini wachanaji wengi hawafanyi.

Urefu wa gogo uwe mita 2.4 hadi 3, pamoja na nyongeza ya sentimita 15 hadi 20 kila ncha ya kukatwa baadaye. Acha tamaa ya mbao ndefu. Kupinda kwa ubao hukua kwa haraka kuliko urefu wake: ubao wa mita 6 uliopinda sentimita 8, ukiukata katikati, kila kipande kina mpindo wa sentimita 2 tu. Kwa kitanda, meza na mlango hakuna haja ya zaidi ya mita 3.

Paka rangi au lami kwenye ncha hapohapo, tabaka nene, ndani ya saa ileile. Hii ni kwa ajili ya kuzuia ncha zisikauke kabla ya sehemu nyingine. Ukiona mpasuko wa nyota umeshaanza, pigilia kipande cha bati nene au chuma kilichokunjwa kuukingama ili usiendelee. Magogo yawekwe kivulini, yafunikwe magunia yaliyoloweshwa.

Kuchana

Hapa ndipo msindano na mlingoti vinaachana kabisa. Gogo la msindano unaweza kuanza upande mmoja ukaendelea kutoa mbao mpaka upande wa pili. Ukifanya hivyo kwa mkaratusi, kwa kila ubao unaoutoa upande mmoja unaondoa kamba za upande huo, na zile za upande wa pili zinalivuta gogo lililobaki. Gogo linajikunja juu ya mashine, na mbao zinazofuata zinakuwa nene katikati na nyembamba kwenye ncha, au kinyume chake.

Lichane kwa zamu. Toa banzi upande wa kwanza. Geuza gogo nusu mzunguko, toa banzi upande wa pili. Toa ubao mmoja au miwili, geuza, toa idadi ileile upande wa pili, na kuendelea hivyo ukisogea katikati. Mkazo unatoka kwa usawa pande zote, na gogo linabaki limenyooka. Mwenye mashine atalalamika kwamba kugeuzageuza kunampotezea muda. Elewaneni bei mapema, mkubaliane kwamba unalipia na muda wa kugeuza. Mashine ndogo za huku, zile tunazoziita dingdong, zinafanya kazi hii vizuri kama msumeno umenolewa. Chenso yenye fremu nayo inafaa, ila inakula mbao nyingi kuwa vumbi.

Ukifika katikati, acha kipande cha mraba kama sentimita 10 kwa 10 chenye kiini. Hicho kigawe kwa matumizi mengine, nguzo ya banda la kuku, kuni, chochote. Ubao wenye kiini utapasuka. Sijawahi kuona uliopona.

Toa vipimo vikubwa kuliko unavyotaka mwishoni, kwa ajili ya kusinyaa na randa: kwa ubao wa milimita 25 chana 30, kwa wa 50 chana 57, na upana ongeza karibu asilimia 10. Anayechana kipimo kamili cha soko halafu akashangaa kupata pungufu amesahau ule upungufu wa asilimia 7.

Kama gogo ni nene, zaidi ya sentimita 45, mwombe mchanaji baadhi ya mbao zitoke kwa kuelekea kiini, yaani mistari ya miaka isimame wima ukitazama ncha ya ubao. Mbao hizo husinyaa kidogo kwa upana na uso wake hauchaniki sana, kwa hiyo zihifadhi kwa meza. Lakini kwenye gogo dogo usijaribu, kwa sababu zitapinda kwa ubavu, na mpindo wa ubavu haunyoshwi na jiwe. Zilizochanwa kwa ubapa hupinda kwa uso, na huo uzito wa rundo huunyosha.

Kukausha: hapa ndipo subira inapolipwa

Mwanzoni mwa shughuli hizi nilichana magogo mazuri ya saligna, nikazisimamisha mbao ukutani juani, kama nilivyoona msindano ukifanyiwa. Siku ya tatu uso wa kila ubao ulikuwa na nyufa kama udongo wa bwawa lililokauka. Mbao zote zile zilikuwa na miaka kumi na minane ya kukua. Ndiyo maana sehemu hii naiandika kwa urefu.

Panga mbao siku ileile zilipochanwa. Banda liwe na paa, pande zake wazi, mahali ambapo upepo unapita bila kuvuma. Chini weka matofali au magogo makavu, rundo liinuke nusu mita kutoka ardhini, na hakikisha kwa uzi au timazi ya maji kwamba msingi umenyooka. Rundo huiga msingi wake: ukiwa na mgongo, mbao zote zitakauka na mgongo.

Kati ya tabaka na tabaka weka vijiti vyenye unene wa milimita 25 vilivyo sawa. Viwe vikavu, kwa sababu vijiti vibichi huacha madoa na ukungu. Umbali kati ya kijiti na kijiti uwe sentimita 45 kwa mbao za inchi moja, au 60 kwa za inchi mbili. Vijiti vya tabaka zote vikae mstari mmoja wima, kimoja juu ya kingine, hadi kwenye msingi. Vya mwisho vikae kwenye ncha kabisa, pasiwe na mkia wa ubao unaoning'inia. Usichanganye unene tofauti katika tabaka moja.

Juu ya rundo weka uzito: matofali ya saruji au mawe yaliyopangwa kufunika eneo lote. Usionee huruma. Mbao ikiwa mbichi ni laini kiasi cha kukubali kunyooshwa, na inapokauka chini ya uzito hubaki imenyooka.

Wiki tatu au nne za kwanza, funika pande za rundo kwa magunia ya katani au wavu wa kivuli, hasa upande unaotoka upepo. Usitumie nailoni inayobana hewa. Baada ya hapo fungua kidogokidogo. Kila baada ya siku chache nenda ukatazame, na mbao yenyewe itakwambia. Ukiona nyufa nyembamba kama nywele kwenye uso, inakauka haraka mno: rudisha magunia, mwagia maji ardhini chini ya rundo. Ukiona ukungu wa kijani au mweusi, hewa haitoshi: fungua.

Kuna dalili ya tatu ambayo watu huidhania ni uchanaji mbaya. Uso wa ubao unakuwa na mawimbi, umebonyea hapa na pale kama bati la zamani. Hapo vinyweleo vya ndani vilivyojaa maji vimenywea kwa sababu maji yalivutwa kwa nguvu mapema. Viwanda vyenye mvuke huweza kuurudisha ubao wa namna hiyo kwa kuupika saa kadhaa kwenye mvuke wa moto. Sisi hatuna mvuke, kwa hiyo kinga ndiyo tiba: joto kali lisiikaribie mbao mbichi. Hata kama una tanuri la kukaushia, anza na kivuli hadi maji mengi yatoke, tanuri lije mwishoni.

Itachukua muda gani? Kwa ubao wa milimita 30 wa grandis, kwenye banda zuri, tegemea miezi 3 hadi 6. Wa inchi mbili, karibu mwaka. Camaldulensis na citriodora ongeza juu ya hapo. Andika tarehe kwa chaki kwenye kila rundo.

Usikisie ukavu kwa kugusa. Kata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, angalau nusu mita kutoka kwenye ncha. Kipime kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu. Kiweke kwenye oveni ya nyuzi joto 100 na kidogo, ukipime kila baada ya saa chache hadi uzito usipungue tena. Chukua uzito wa kwanza, toa wa mwisho, gawanya kwa wa mwisho, zidisha kwa 100. Gramu 240 zikishuka hadi 200, unyevu ni asilimia 20: bado. Unataka 12 hadi 14 kwa samani za ndani. Kama mteja wako yuko Dodoma kwenye hewa kavu, shuka zaidi. Tanga au Mombasa hewa ya bahari itairudishia mbao unyevu kidogo, kwa hiyo usihangaike kukausha kupita kiasi. Asiye na oveni achague mbao mbili za mfano katikati ya rundo, azipime nzima kila wiki. Zikiacha kupungua kwa wiki nne mfululizo, hewa ya banda imemaliza kazi yake. Kisha zihamishie ndani ya karakana wiki mbili au tatu kabla ya kuzigusa na randa.

Wadudu

Moyo mwekundu wadudu hawaupendi sana. Ile sehemu nyeupe ya nje, karibu na gome, ina wanga, na bungua wa unga huufuata. Utamjua kwa vitundu vya milimita moja au mbili na unga laini kama wa ngano chini ya fanicha. Dawa rahisi ni kuikata sehemu nyeupe yote wakati wa kusawazisha ubao. Ukitaka kuitumia, chovya mbao zingali mbichi kwenye mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki, kwa vipimo vya kwenye pakiti. Dawa hii huoshwa na mvua, basi ni ya vitu vya ndani tu.

Karakana

Noa mara mbili zaidi ya ulivyozoea. Toboa tundu kabla ya kila msumari na kila skrubu, hasa karibu na ncha, tundu liwe jembamba kidogo kuliko msumari wenyewe. Tumia misumari na skrubu zilizopakwa zinki, kwa sababu chuma kitupu kikikutana na unyevu na tanini ya mti huu huacha doa jeusi lisilotoka. Gundi ya kawaida ya seremala inashika, ila piga randa na gundisha siku ileile, uso ukiwa mpya. Vumbi lake huwasha koo: vaa barakoa.

Jambo moja ambalo fundi aliyezoea msindano lazima alibadilishe ni namna ya kufunga uso wa meza. Ubao wa mkaratusi unaendelea kupumua maisha yake yote. Uso wenye upana wa sentimita 90, unyevu wake ukibadilika kwa asilimia 3 tu kati ya masika na kiangazi, unaweza kutanuka au kusinyaa milimita 8. Ukiupigilia misumari kwenye fremu pande zote, utajipasua wenyewe kupata nafasi. Funga katikati kwa nguvu, pembeni tumia skrubu ndani ya matundu marefu yanayoruhusu ubao kuteleza. Kwenye milango, paneli ikae ndani ya mfereji bila gundi.

Kumalizia, mafuta ya kitani au vanishi vyote vinafaa. Mimi napenda mafuta, kwa sababu wekundu unakolea taratibu kadiri miaka inavyokwenda.

Kisiki

Wiki chache baada ya kukata, kisiki kitatoa machipukizi mengi. Yaache yafikie kimo cha mtu, kisha punguza yabaki mawili au matatu yenye nguvu, yaliyoota chini na upande unaokabili upepo, maana hayo hayang'oki kirahisi. Baada ya mwaka mmoja au mwaka na nusu, bakiza moja tu kama unataka mti wa mbao. Chipukizi hukua haraka kuliko mche mpya, kwa kuwa lina mizizi ya baba yake.

Lakini kama kisiki kiko ndani ya mita 60 kutoka mto, chemchemi au bwawa, usikiache kichipue. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inalinda ukanda huo kando ya mito na mabwawa, na mkaratusi unakunywa sana. Bandua gome la kisiki hadi ardhini, vunja kila chipukizi linalotokeza, na panda miti ya asili ya mahali hapo. Miche ipandwe mvua za kwanza za Novemba au Desemba, udongo ukishalowa kina cha jembe.